Geuza Taulo Uone Mgongo Wake

Ukiingia Kikuubo au Owino, masoko ya Kampala, kutafuta mataulo ya kuogea, macho hukimbilia rangi: maua mekundu, mistari ya bluu na njano, tausi, pundamilia. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana lenye picha kubwa hulitundika mbele ya duka. Kabla hujauliza bei, lishike, ligeuze, utazame mgongo wake. Mgongo ndio unaoonyesha ua lile limeingiaje kwenye kitambaa, na hapo ndipo utajua kama baada ya miezi sita utakuwa bado una ua au una doa.

Ua linaweza kuwa limefumwa. Nyuzi hutiwa rangi kwanza, kisha mashine hupandisha uzi mwekundu upande huu na mweupe upande wa pili. Taulo la namna hii hujitambulisha lenyewe: mbele ua jekundu juu ya nyeupe, nyuma ua lilelile jeupe juu ya nyekundu. Rangi imo katika uzi mzima, kwa hiyo vitanzi vikichakaa ua hubaki. Mapambo yake huwa ya rangi mbili au tatu tu, na ukingo wa ua huwa na vipandio vidogo kama vya ngazi, si laini kama picha. Kwangu hilo si kasoro.

Au linaweza kuwa limechapwa. Mbele panang'aa rangi nyingi, nyuma ni peupe au pamefifia. Penua vitanzi kwa kucha mbili utazame chini: ncha ina rangi, shina ni jeupe. Mara nyingi upande uliochapwa umenyolewa vitanzi ukawa kama mahameli, kwa sababu picha hutokea vizuri kwenye uso uliolala sawa. Ubaya ni kwamba kitanzi ndicho kinachonywa maji. Kikikatwa, upande ule hutelezesha maji mwilini badala ya kuyafyonza, na mtu hulaumu pamba kumbe kosa ni la mkasi wa kiwandani. Ukilipenda la kuchapwa, hakikisha mgongo una vitanzi vizima, na ujikaushe kwa mgongo.

Baada ya hapo ni uzito. Lebo nyingi zina herufi GSM, yaani gramu kwa kila mita moja ya mraba. Lebo huandika inachotaka, lakini mizani haina haya. Taulo la kawaida la kuogea lina sentimita 70 kwa 140, ambalo ni karibu mita moja kamili ya mraba (0.98), kwa hiyo uzito wake kwa gramu ni karibu sawa na GSM yake. Omba mizani ya jirani anayeuza sukari. Lebo ikisema 500 na taulo likapima gramu 350, umeshajua unauziwa nini. Kama vipimo ni tofauti, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawa uzito kwa jibu hilo.

Kwa nyumba isiyo na mashine ya kukaushia, chukua kati ya 400 na 500. Chini ya 350 taulo hulowa kabla hujafika miguuni. Zaidi ya 600 linapendeza kulishika, lakini kipindi cha mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, halikauki kwa siku moja, na unyevu ukikaa ndani ya vitanzi bakteria huongezeka na harufu ya uvundo huingia. Rangi nzuri haiisaidii harufu hiyo.

Pamba nayo ipimwe. Chomoa uzi mmoja kwenye ncha ya pindo, uuchome kwa kiberiti nje ya duka. Pamba huwaka na kunuka kama karatasi iliyoungua, ikabaki jivu jepesi. Polista, yaani uzi wa plastiki, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko hutoa yote mawili. Mataulo mengi sokoni hutoka nje, wakati Kasese, Teso na Lango wanalima pamba nzuri ambayo sehemu kubwa husafirishwa ikiwa bado haijasokotwa. Inauma kila mara ukisoma lebo.

Sasa rangi kuchuja, ambako watu wengi hupotea. Beba kitambaa cheupe cha mkononi, kiloweshe kidogo, ukisugue mara kumi kwenye sehemu yenye rangi iliyokoza zaidi: nyekundu, bluu ya usiku, nyeusi, zambarau. Kivuli chepesi si neno, taulo jipya huwa na rangi ya ziada. Kitambaa kikigeuka waridi kabisa, liache, hasa kama taulo lenyewe lina sehemu nyeupe, kwani hilo litajichafua lenyewe. Ua jekundu litavujia kwenye uwanja wake mweupe, na hakuna sabuni itakayoitoa.

Wengi huliloweka taulo jipya kwenye maji ya chumvi au siki wakiamini yanafunga rangi. Hayafungi. Rangi nzuri za pamba huungana na uzi kikemia kiwandani. Ile inayotoka nyumbani ni ile ambayo haikushika na haikusuuzwa vya kutosha, na dawa yake ni kuitoa yote. Kwa hiyo kabla ya kulitumia, weka taulo peke yake kwenye beseni kubwa la maji baridi, likamue mara kadhaa, mwaga, rudia mpaka maji yabaki safi, kwa kawaida mara tatu au nne. Usiliache limelowa limekunjwa kwenye beseni hata kwa saa moja, maana hapo ndipo rangi huhama kutoka ua kwenda kwenye nyeupe. Kamua, kung'uta, tundika mara moja. Baada ya kufua mara nne likiwa bado linachuja, lifuliwe na nguo nyeusi maisha yake yote.

Usuuzaji huo una faida nyingine. Mataulo mapya hupakwa kilainishi kiwandani ili yateleze mkononi mwa mnunuzi, na kilainishi hicho hukataa maji. Tone la maji hukaa juu kama kwenye jani la yugwa. Ukiongeza sabuni za kulainisha nguo nyumbani unarudisha ugonjwa uleule.

Kabla ya kulipa, toka na taulo hadi mlangoni. Taa za ndani ya maduka hudanganya: kijani huwa bluu, krimu huwa nyeupe. Halafu likunje kama litakavyokaa bafuni kwako. Likining'inizwa kwenye bomba la ukutani likiwa limekunjwa sehemu tatu, kinachoonekana ni upana wa sentimita 23 hivi. Tausi mkubwa wa katikati atabaki shingo. Kama nyumbani ni msumari au ndoano, taulo hujikusanya kama mwavuli uliofungwa na picha yoyote hupotea, ila mistari na drafti hubaki zikisomeka. Kwa bafu dogo lenye vigae vyeupe, taulo moja lenye maua makubwa linatosha. Mengine yawe ya rangi moja iliyochukuliwa kutoka ndani ya ua hilo, hata kama ni ile ndogo ya kikonyo.

Maji ya nyumbani yasikilizwe pia. Kwenye maji ya kisima kirefu yenye chuma, taulo jeupe hugeuka manjano ya kutu, na jiki huzidisha, kwa sababu hukibadilisha chuma kuwa kutu ndani ya uzi. Huko chagua kahawia, chungwa iliyoiva, kijani cha jani la mgomba. Rangi za aina hiyo huficha pia vumbi jekundu la murram. Na kama kuna kijana anayepaka dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, mpe taulo jeupe. Dawa hiyo huchubua rangi na kuacha madoa ya chungwa ambayo watu hudhani ni uchafu.

Kazi ambayo rangi huifanya vizuri kuliko zote ni kutenganisha watu. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Uganda, taulo la kuchangia lilikuwa mojawapo ya njia zake. Kila mtoto awe na rangi yake au mstari wake, hata asiyejua kusoma hatakosea. Usimpe mmoja bluu ya bahari na mwingine bluu ya anga, alfajiri bafuni zote ni bluu. Anayekwenda shule ya bweni apewe drafti au mistari iliyofumwa, jina liandikwe kwa uzi kwenye pindo, si kwa kalamu.

Kukausha kuna mgongano wa kweli. Jua letu la ikweta hupausha rangi, kwa hiyo ushauri wa kawaida ni kivuli. Lakini nzi wa maembe hupenda kutaga kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Mayai huanguliwa kwa siku chache, funza huingia ngozini na kufanya jipu. Kati ya rangi na ngozi, linda ngozi. Tundika juani asubuhi, kamba iwe juu mbali na majani na udongo, mgongo wa taulo ukiangalia jua, na uliondoe mara tu likikauka kabisa. Siku ya mawingu likaushe ndani ya dirisha lenye wavu. Kama lilibaki nje likiwa bichi, pitisha pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mapindo. Vitanzi vitalala kidogo, likung'ute mara tano sita vitasimama.

Kuna wanaopenda taulo la rangi moja lenye utepe wa kitenge. Linapendeza sana likishonwa vizuri, ila mafundi wengi huruka hatua ya kwanza: kukifua kitenge kwa maji ya moto kabla ya kukikata. Kitenge kipya hurudi, na kikirudi baada ya kushonwa, pindo la taulo hujikunja kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Kwa taulo la sentimita 70, kata utepe wa sentimita 74 kwa 10. Kunja sentimita 1 kila upande mrefu na 2 kila ncha, upige pasi. Uweke juu ya ule ukanda bapa usio na vitanzi karibu na pindo. Bana kwa pini kila sentimita 5, tumia sindano namba 16 na mshono wa milimita 3. Mguu wa cherehani ukinasa vitanzi, weka karatasi nyembamba juu, shona, kisha uichane. Utepe usizidi sentimita 8 ukiisha kushonwa, kwa kuwa eneo lile halinywi maji. Taulo lenyewe nalo liwe limeshafuliwa mara mbili kabla ya kwenda kwa fundi.

Kitanzi kikichomoka, kwenye msumari au kucha ya paka, usikivute. Kikate kwa mkasi usawa wa wenzake. Taulo halifumuki kama sweta.