Sabato ya kutawadhana

Kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, sisi Wasabato tunatawadhana miguu. Kanisa letu lilifika Upare mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani, babu yangu akabatizwa huko, kwa hiyo jambo hili nimelikuta nyumbani. Wanaume chumba chao, wanawake chao. Mashemasi wanapanga mabeseni na taulo, mnakaa wawili wawili. Jirani yangu wa dukani, Mwislamu, aliposikia alicheka: "Kumbe na nyie mnatawadha?" Nikamfungulia Yohana 13, pale Yesu anapowatawadha wanafunzi wake miguu, katika Biblia ya Union Version, neno ni lile lile. Yeye anatawadha mara tano kwa siku, mimi mara nne kwa mwaka. Hesabu hiyo sikumtajia.

Niseme ukweli kuhusu mabeseni yale. Ijumaa jua halijazama huwa nimeshasugua visigino kwa jiwe, nimekata kucha, nimeandaa soksi mpya. Wenzangu nao hivyo hivyo, nawajua. Sabato tunaosha miguu iliyokwisha kuoshwa. Miaka mingi mwenzangu alikuwa rafiki yule yule wa kwaya: maji kidogo, maombi mafupi, tunarudi ndani kwenye mkate na maji ya zabibu. Tunaiita huduma ya unyenyekevu.

Robo iliyopita rafiki yangu alisafiri. Nikabaki nimesimama na taulo mkononi, na aliyebaki bila mwenza alikuwa mlinzi wetu wa usiku.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, Mwanza. Tuko maduka sita, tunachanga kumlipa mzee huyo, shilingi 10,000 kila duka kwa mwezi. Zilipopotea roli mbili za nyaya, nilisema alilala lindoni, nikazuia mchango wangu miezi mitatu. Mimi ni Mpare. Utani wa Mpare anayeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku nimeusikia tangu utoto, na safari hii ulinienea kabisa. Mpaka leo sijui kama nyaya ziliibwa au kijana wangu wa dukani alikosea hesabu. Mzee mwenyewe hakuwahi kunidai. Tunasali kanisa moja, yeye hukaa benchi la nyuma kabisa, na huko pia husinzia.

Siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka lindoni, na mabuti ya mpira bila soksi. Nikapiga magoti. Magaga yalikuwa yamepasuka hadi kuingiza ncha ya kidole, na maji yakageuka kama chai ya rangi. Nilimwosha vizuri, sina mashaka na hilo. Shida ni kwamba kabla sijamaliza mguu wa pili nilikuwa nimeshaanza kumsimulia mke wangu kichwani. Huruma ya namna hiyo naiweza sana: kumwinamia mtu huku unajua utainuka na kuwa bosi tena.

Ikafika zamu yake. Sasa, Ijumaa ile lori la saruji lilichelewa, nikafika nyumbani jua limezama. Hakukuwa na jiwe wala soksi mpya. Na katikati ya vidole nina fangasi ambao hata mke wangu namficha.

"Mzee, inatosha," nikamwambia. "Tumeshatimiza."

"Hapana bosi. Lete mguu."

"Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Siku zote nilidhani Petro alimwambia Yesu vile kwa heshima. Nikiwa pale kwenye kiti cha plastiki, soksi imenikwama kisiginoni, nilihisi labda na yeye aliona aibu tu. Akajibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika na Bwana.

Mzee alipanua vidole kimoja kimoja, akaosha, akakausha katikati. "Hii fangasi," akasema, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia. "Usivae soksi mbichi."

Kisha tukaombeana, ndiyo desturi. Nilikuwa nimeandaa ombi zuri kuhusu kusamehe, maana yake mimi nimsamehe yeye. Akanitangulia: "Bwana, ulinde duka la bosi, hasa zile saa ambazo mimi nasinzia."

Nikasema amina. Ombi langu lilikuwa limeniishia.

Sabato hatushiki biashara, kwa hiyo nilisubiri Jumapili kumpelekea elfu thelathini zake. Alizihesabu mbele yangu, noti moja moja, akazikunja, akaweka mfuko wa shati. Hakusema kitu na sikutegemea aseme.

Jumatatu nilifika kufungua duka saa kumi na mbili na nusu. Mzee yule anamzidi baba yangu umri, na kwa miaka mitano nimekuwa nikimpita na "Vipi mzee, habari za lindo?" Alikuwa anakunja blanketi lake.

"Shikamoo, mzee."

Aligeuka, akanitazama muda mrefu kidogo, blanketi likiwa nusu limekunjwa.

"Marahaba, bosi."