Punda aliyegoma kuinua mguu wa nyuma kwa mkata kwato mpya

Alhamdulillahi, punda wangu amekatwa kwato zote nne. Naandika kwa yeyote hapa Lamu anayehangaika na jambo hilihili.

Mkata kwato wetu wa zamani alihama, akaja mwingine, fundi hodari tu. Miguu ya mbele haikumpa shida. Akigusa wa nyuma, punda anajikaza, kisha teke. Tulimfunga kamba fupi, tukaongeza watu wa kumshika, tukamhonga pumba. Wapi! Na kwato zilishaanza kupinda; kwa kawaida hukatwa kila wiki 6 hadi 10, nasi tulishapitiliza.

Kilichosaidia: tulimleta punda mwenzake asimame ubavuni, maana punda akitengwa na mwenzake hatulii. Tukamtoa kwenye saruji, tukamsimamisha kwenye udongo mkavu. Fundi akaanza na bega, akatelezesha kiganja mgongoni, pajani, hadi kwenye kifundo, bila kukibandua hata mara moja.

Halafu ndipo penyewe. Hakuuvuta mguu nje wala kuupakata gotini kama wa farasi. Aliuinua kiasi cha shibiri moja kutoka chini, ukabaki usawa wa nyonga. Punda ni mwembamba. Ukiuvuta pembeni anayumba, na anayeona anaanguka lazima apige teke. Akapitisha tupa kidogo, akauteremsha mwenyewe taratibu kabla punda hajaunyakua. Akauinua tena, tupa, chini.

Mguu wa pili punda alikuwa anasinzia. Mwenzake naye akakatwa papo hapo, kwa kuwa vifaa vilishatolewa.