Siku Moja Maishani Mwangu: Saa ya Kumtoa Mgonjwa Kwenye Mashine ya Kupumulia

Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa mkoani Tabora. Watu wengi wanaamini kwamba mashine ya kupumulia ni kituo cha mwisho kabla ya kaburi, na kwamba siku inapoondolewa wauguzi wamekata tamaa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kinyume cha hayo, kwani kila siku ninatafuta saa ambayo mgonjwa ataweza kupumua mwenyewe.

Saa moja asubuhi nilipokea zamu, nikakagua mitungi ya oksijeni na ving'ora vya mashine, nikavuta makohozi ya wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine.

Saa mbili, kwa agizo la daktari, nilipunguza dawa za usingizi, kwa kuwa mgonjwa aliyelala fofofo hawezi kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mgonjwa anayeamshwa kila asubuhi kabla ya kujaribiwa kupumua huachana na mashine mapema zaidi. Kuchelewa kuna gharama yake: kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hudhoofika mashine inapoufanyia kazi, na nimonia hupata njia kupitia mrija wa kupumulia uliopitishwa kooni. Kuharakisha nako ni hatari, kwa sababu anayelazimika kurudishiwa mrija huwa katika hali mbaya kuliko ya awali.

Saa tatu nilianza vipimo. Kipo kipimo ambacho Yang na Tobin walikieleza mwaka 1991, nacho hakihitaji maabara: unachukua idadi ya pumzi kwa dakika, unaigawa kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita, na jibu likizidi 105, yaelekea mgonjwa atashindwa. Mama mmoja mzee mwenye nimonia alivuta pumzi 34 za mililita 260, yaani karibu 131, kwa hiyo tulimwacha apumzike. Kijana wa kitanda cha pili, mkulima aliyekunywa dawa ya kuua wadudu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye chupa ya maji, alivuta pumzi 22 za mililita 440, yaani 50, ambayo ni nzuri sana.

Hata hivyo, jana yake namba yake ilikuwa nzuri vilevile, na mimi ndiye niliyemwomba daktari tusubiri. Sumu ya aina hiyo huweza kudhoofisha misuli ya shingo na ya kupumua siku chache baada ya kumezwa, wakati ndugu wanadhani hatari imepita, na udhaifu huo mara nyingi huanza kuonekana shingoni kabla namba za mashine hazijabadilika. Jana hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Leo alikiinua na kukishikilia nilipokuwa nikihesabu hadi tano, tena akarudia bila kuombwa. Ninajivunia kusubiri kule.

Tukapunguza msaada wa mashine kwa dakika 30, muda ambao utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa unatosha sawa na saa mbili. Nilisimama kando yake muda wote, nikiangalia pumzi zisizidi 35 kwa dakika, oksijeni isishuke chini ya asilimia 90, jasho lisimtoke, na tumbo lisiende kinyume na kifua. Alifaulu.

Hapo ndipo mjomba wake, aliyesafiri kutoka Kaliua, aliposimama mlangoni.

"Sista, mnamtoa kwenye mashine kwa sababu ya deni?"

Nilimjibu, "Hapana, mzee wangu, tunamtoa kwa sababu amepata nguvu." Akataka nimwandikie kwenye karatasi kwamba hatakufa. Nikamweleza kwamba siwezi, kwa kuwa hata miongoni mwa waliofaulu jaribio, mmoja au wawili kati ya kumi huhitaji kurudishiwa mrija, na kwamba tutamlinda kwa sababu hiyohiyo. Akatoka kuwapigia simu wazee, akarudi na maswali mapya, akatoka tena. Saa sita ikapita. Daktari angeweza kuendelea bila idhini yake, lakini sikutaka familia iamini kwamba tulimwua mtoto wao iwapo lolote lingetokea, ingawa kila dakika kijana alikuwa macho, amechoka, mrija ukiwa kooni. Miguu ilikuwa ikiniuma na sauti imeanza kunikauka. Mwishowe nilimvalisha mzee barakoa, nikampeleka kitandani, nikamwomba kijana amshike mjomba mkono na kuinua kichwa. Alifanya yote mawili. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, endeleeni."

Tulivuta makohozi, tukatoa upepo kwenye puto dogo linalouzunguka mrija na kusikiliza kama hewa inapita kando yake, tukamwambia akohoe kwa nguvu, na daktari akautoa. Kwa sauti iliyokwaruza aliomba maji, nami nikamnyima hadi tuhakikishe anaweza kumeza bila kupaliwa.

Mchana uliobaki sikutazama saa. Nilimgeuza mama mzee, nikamsafisha kinywa, nikamweleza binti yake kwamba hatutamjaribu tena leo, kwa maana jaribio moja kwa siku linatosha na misuli iliyochoka inahitaji usiku mzima wa kupumzika.

Jioni, wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi wa usiku aliniuliza kama nadhani kijana atarudi kwenye mashine. Nilimjibu kwamba nadhani hapana, ila saa 48 za kwanza ndizo za kuchunga zaidi, hivyo amwambie ainue kichwa kila saa, na mara shingo itakaposhindwa amwite daktari hapohapo, asisubiri oksijeni ishuke.