Leseni Ninayo, Kazi Sina

Siku niliyopata leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya niliinunulia bahasha ya kaki katika Mtaa wa Tom Mboya, nikiamini kwamba kabla ya mwezi kwisha ningekuwa nimevaa sare. Bahasha hiyo sasa imechanika pembe mbili, nami bado ni mtu wa zamu za kuitwa: muuguzi wa kudumu akienda likizo, hospitali moja ya kibinafsi huku Eastlands, Nairobi, hunipigia simu jioni, nikapanda matatu kwenda kukesha.

Majirani huniuliza inakuwaje wagonjwa walale wawili kitanda kimoja ilhali wauguzi wamekaa nyumbani. Jibu liko kwenye bajeti. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kila moja ya kaunti 47 huwaajiri wauguzi wake kupitia bodi yake ya utumishi wa umma, na kaunti ambayo mishahara imekwisha kumeza fedha zake haitangazi nafasi hata wodi zikifurika.

Ndiyo maana wenzangu wanatazama nje. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa mwaka 2021 ulifungua njia ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko, na Marekani wanadai NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, ambao ada yake ya kujiandikisha ni dola 200. Mimi hulipwa kwa shilingi, tena kwa usiku mmoja mmoja, kwa hiyo ninaziweka akiba taratibu, na simu siizimi jioni.