Mayai ya tarehe 30 Oktoba

Halloween ya mwaka juzi nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, miguu inaniwaka, nawaza chai, mayai mawili na kitanda. Nilipokata kona ya mtaa wetu nikadhani theluji imewahi. Mti wa mbele ya nyumba ulikuwa mweupe. Kusogea, kumbe ni tishu za chooni, zimerushwa hadi matawi ya juu kabisa na zinapepea. Ukuta una michirizi ya mayai kuanzia dirisha la sebuleni hadi mlangoni. Boga la watoto la pambo la Halloween limepasuliwa kwenye ngazi. Kioo cha mlango wa nje kina ufa kutoka pembe hadi pembe.

Kwa wasioishi huku New Jersey, Marekani: usiku wa tarehe 30 Oktoba unaitwa Mischief Night, usiku wa utundu. Vijana hawaombi pipi mlango kwa mlango, hizo ni za kesho yake, Halloween yenyewe. Usiku huu ni wa kuchafua nyumba za watu na kukimbia. Bibi wa ng'ambo ya barabara, mzaliwa wa Camden, mji wa hapahapa jimboni, alinikuta nimesimama pale mdomo wazi akaniambia nishukuru kuwa ni mayai. Anaukumbuka usiku kama huo wa mwaka 1991, Camden ilipochomwa moto sehemu zaidi ya 130.

Nikapiga picha kwanza. Halafu nikakosea: nikachota maji ya moto. Aliyewahi kuosha kikaango cha mayai anajua, moto unaliivisha yai, linagandamana hapohapo. Ni maji ya baridi au ya uvuguvugu na sabuni, na ufanye mapema kabla jua halijapiga ukuta. Nilipomaliza nikafungua friji nijikaangie. Kasha la mayai 18 nililonunua juzi yake lilikuwa na sita. Nikasema hawa watoto wanakula, nikalala.

Niliamshwa na ujumbe wa mwenye nyumba. Yeye haishi hapa, ana majengo kadhaa, na hili letu lina familia nne. Alikuwa ameshapata habari kwa mpangaji wa juu. Alisema kioo na kupaka rangi upya ni dola 260, atazikata kwenye dipoziti yangu, ile pesa ya dhamana niliyoweka nilipopanga.

Nikakaribia kukubali. Mimi niliwahi kupanga Mbagala, Dar es Salaam, nimelipa kodi ya miezi sita mbele huku kitasa kikiharibika najinunulia mwenyewe na bado namwamkia baba mwenye nyumba kwa heshima zote. Mwenye nyumba akisema, nani wewe? Ila mwenzangu kazini, Mkenya mmoja ambaye hajawahi kuogopa karatasi, akaniuliza: "Kijitabu cha haki za wapangaji ulipewa?" Nilipewa, siku ya kusaini mkataba, kwa kuwa sheria ya jimbo inamlazimisha mwenye jengo kama letu akitoe. Kilikuwa chini ya droo ya vijiko.

Nikasoma. Dipoziti haitakiwi kuzidi kodi ya mwezi mmoja na nusu. Na maadamu bado unakaa kwenye nyumba, mwenye nyumba haruhusiwi kukata hata senti kwenye hiyo dipoziti. Hesabu hufanywa ukishahama, naye ana siku 30 za kukurudishia chako. Kuhusu uharibifu wenyewe, mpangaji hubeba alichoharibu yeye, watu wa nyumbani kwake na wageni wake. Mtu baki akija usiku akapasua kioo, hicho ni kioo cha mwenye nyumba, na bima yake ipo kwa ajili ya hayo. Bima yangu ya mpangaji inalinda vitu vyangu vya ndani, haina habari na mlango wake. Uwanja ni wangu kwa mujibu wa mkataba, kwa hiyo tishu zile mtini niliziondoa mimi kwa fagio refu, siku mbili nzima, maana mvua ilinyesha zikawa uji.

Mwenzangu akanisimulia na kesi ya Marini na Ireland. Ireland ni mama mpangaji, choo kinavuja, Marini mwenye nyumba hapatikani, akamwita fundi kwa dola 85 na senti 72 akazikata kwenye kodi yake ya dola 95. Akashtakiwa atolewe. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikampa haki mama. Mimi sikufika huko. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha picha na namba ya ripoti ya polisi. Wiki iliyofuata fundi alikuja na kioo, mwenye nyumba hakusema neno, nami nilitembea mtaani kifua mbele kama wakili.

Wiki tatu.

Kisha bibi wa ng'ambo akaniita kwake, akanikalisha, akanionyesha video ya kamera ya mlango wake. Saa nne usiku wa tarehe 30. Kijana wangu wa miaka kumi na minne, na lile koti jekundu nililomnunulia mwenyewe, anarushia mayai nyumba ya wavulana wa kona. Video ya saa saba usiku: wavulana wa kona wanajibu mashambulizi, mlango kwa mlango. Kumi na nane toa kumi na mbili, sita, hesabu yangu ya friji ikakaa sawa.

"Mama, wao ndio walianza mwaka jana," ndiyo utetezi alionipa.

Barua yangu ilisema watu baki, na kweli walikuwa watu baki. Kioo hakikuvunjwa na mtu wa nyumbani kwangu. Wakili angeniambia ninyamaze, nadhani. Nilishindwa. Nilimpigia mwenye nyumba nikamweleza yote, nikasema kioo nitalipa. Akacheka sana, nisivyotarajia, akasema ujanani yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kuchafua madirisha ya watu kwa sabuni usiku kama huo. Halafu akatuma bili. Dola 140, bila rangi.

Kijana alisugua ukuta wa nyumba ya kona Jumamosi mbili, kwa maji baridi, mwezi wa kumi na moja.

Mwaka huu tarehe 30 niko zamu ya usiku tena. Mayai nitayafungia kwenye buti la gari.