Binti wa maziwa wa Nagasaki kafika Chamwino

Wiki nzima hii kuna muuza maziwa hanitoki kichwani, na siyo yule wetu wa baiskeli anayepita asubuhi, huyu ni wa kwenye opera, ule mchezo wa jukwaani wa kuimba. Mwaka 1820 Waholanzi waliokuwa wanaishi Dejima, kile kisiwa cha kutengenezwa na watu pale bandarini Nagasaki, Japani, waliwaigizia maafisa wa Kijapani vichekesho, na kimojawapo kilikuwa opera fupi inaitwa De twee jagers en het melkmeisje, yaani wawindaji wawili na binti wa maziwa. Asili yake Ufaransa, muziki wa mtunzi Egidio Duni, ilianza kuchezwa Paris 1763, Waholanzi wakaitia kwenye lugha yao wakasafiri nayo mpaka huko. Mchoraji Kawahara Keiga akawachora wakiwa jukwaani.

Sasa hebu fikirieni maisha ya wale watu jamani, kisiwa urefu wake kama mita 120 tu, daraja moja na walinzi, meli inakuja moja au mbili kwa mwaka kutoka Batavia, Jakarta ya leo, basi. Wanawake wa Kizungu marufuku. Mkuu wao, Jan Cock Blomhoff, alikuja na mkewe Titia na mtoto mdogo 1817, wakarudishwa mwaka uleule, na Titia akafariki 1821 bila kumwona tena mumewe. Hapa ndipo huwa nanyamaza kidogo, maana huyo baba katenganishwa na familia yake halafu bado kwenye kituo chake watu wanaandaa kichekesho, na binti wa maziwa lazima alikuwa mwanaume kavaa gauni.

Stori yenyewe inatoka kwenye ngano za mshairi wa Kifaransa La Fontaine. Wawindaji wameshauza ngozi ya dubu wakati dubu bado yuko porini anatembea zake, na binti naye anapiga hesabu ya maziwa yatakayomletea mayai, mayai vifaranga, vifaranga mali, mpaka chungu kinaanguka. Si ndiyo kukata mbeleko mwana hajazaliwa? Nadhani ndiyo maana Mholanzi aliona inabebeka, hata asiyejua neno lolote anaona maziwa yanamwagika anaelewa.

Jumamosi nikawapelekea vijana wa kikundi chetu cha maigizo. Dubu hatuna, tukabishana weee, mwisho tukakubaliana chui, na akitokea wasichana wanapiga muheme, nawaambia hiyo ngoma ilivyoanza kulia hata mimi niliyejua kinachokuja nilishtuka. Kwetu binti anachezwa na binti.

Jana tukajaribu uwanjani kwa bibi yangu Chamwino, Dodoma. Kakaa kwenye kigoda chake anaangalia kimya, kibuyu kikaanguka, watoto wote wanacheka, yeye akamwita yule msichana akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, ngata yako iko wapi?"

Jumamosi ijayo anakuja na ngata.