Mama aliniuliza, "huyu nani?"

Picha za harusi yangu zilipotoka studio mama alizishika akaziangalia weee, af akaniuliza, "huyu nani?" Hakuwa anatania. Mi ni mweusi tii, kwetu wote tuko hivo, ila kwenye ile albamu nilikuwa maji ya kunde kabisa mpaka mikono. Dada aliyenipamba alinipaka poda isiyo ya rangi yangu, mpiga picha akaja kumalizia kwenye kompyuta, hakuna aliyeniuliza na mi mwenyewe sikukataa, na hapo ndo panaponiuma, kwasababu siku ile nilijiangalia kwenye kioo nikasema afadhali leo nimependeza.

Sasa hiyo afadhali niliitoa wapi? Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia weusi ni ubaya. Niliitoa kwenye tivii. Nimekua na bongo muvi, na nyingi nilizoziona mimi mwanamke anayegombaniwa ni mweupe, mweusi anapewa uhausigeli au ushangazi wa kijijini wenye uchawi, na yule mwenye kazi yake na gari lake lazima awe na kiburi ili mwisho alie aombe msamaha. Video za muziki ndo usiseme. Na kaka zangu walikuwa wanaangalia sebule ileile, mpaka leo mmoja akisifia mwanamke neno la kwanza ni "mweupe", na ye anaamini kabisa kwamba ni chaguo lake tu.

Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, siku chache kabla hajashinda Oscar, alisimama mbele ya wanawake weusi wa Hollywood akasema utotoni alikuwa anamuomba Mungu aamke mweupe, mpaka alipokuja kumuona mwanamitindo Alek Wek, mweusi kama yeye, dunia inamsifia uzuri. Nililia. Halafu 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamweka kwenye jalada likiwa limemfutia sehemu ya nywele zake na zilizobaki limezilainisha, akalalamika hadharani. Yani mtu ana Oscar kabisa na bado kuna mtu kakaa kwenye kompyuta anamrekebisha!

Ndo maana sipendi tunavyowacheka wanaotumia mkorogo, eti uso fanta mguu koka, eti hawajipendi. Kuna krimu zina zebaki, zinakula figo, na wengi wanaopaka wanajua kabisa ila wanajua pia nani anaitwa mrembo na nani anapitwa kama hayupo, wameliona hilo tangu wana miaka mitano wamekaa mkekani mbele ya tivii. Mi nilipona na poda tu, ingekuwa nimekutana na shosti mwenye kopo sijui ningesema nini.

Albamu iko kabatini. Ukutani nimeweka picha aliyonipiga mpwa wangu kwa simu asubuhi ile kabla sijapambwa, nimejifunga khanga nakunywa chai. Mama ameniambia nimsafishie na ya kwake, kubwa.